NANI ANALIPA GHARAMA YA VITA VYA SOMALIA?



Tarehe 2 Desemba 2014, kabla ya mapambazuko, wachimba mawe walikuwa wamelala katika mahema yao penye machimbo ya Koromey, karibu na mji wa Mandera. Hawa hawakuwa askari wala wapelelezi. Walikuwa vibarua waliotoka mbali, wakafuata kazi ya nyundo na jua kali kwa sababu kwao hakuna kazi. Wapiganaji wa Al-Shabaab wakawajia gizani, wakawatenga Waislamu na wasio Waislamu, na watu 36 wakauawa.

Siku kumi kabla ya hapo, tarehe 22 Novemba, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa njiani na abiria 28 wakauawa kwa namna hiyo hiyo. Wengi wao walikuwa walimu, wanakwenda nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Kesho yake Naibu wa Rais wa wakati ule, Bwana William Ruto, akalitangazia taifa kwamba majeshi yetu yamevuka mpaka, yameua wapiganaji zaidi ya mia moja, na kambi iliyopanga shambulio imeharibiwa. Watu wakapumua, wakasema, haya, kisasi kimelipwa. Siku tisa baadaye wachimba mawe wa Koromey wakachinjwa.

Twaomba kila mwanachama aziweke tarehe hizi tatu mkononi na kuzitazama. Tarehe 22 walimu waliuawa. Tarehe 23 tuliambiwa adui amevunjwa. Tarehe 2 wachimba mawe waliuawa. Kama adui alivunjwa, ni nani aliyekuja Koromey? Tena kama bunduki ndiyo dawa ya ugonjwa huu, mbona mgonjwa anazidi kuugua kila akinyweshwa?

Kabla hatujaendelea, tuseme jambo moja waziwazi asije mtu akatusingizia. Hatuwatetei Al-Shabaab. Mtu anayemwamuru kibarua alale kifudifudi, kisha anampiga risasi kwa sababu ya dini yake, ni adui wa kila mfanyakazi, awe Mkristo au Mwislamu, Mkenya au Msomali. Mjini Mogadishu tarehe 14 Oktoba 2017 lori la mabomu liliua watu zaidi ya 500 kwa mara moja: wachuuzi, makondakta, wanafunzi, akina mama waliokuwa wakienda sokoni. Hao walikuwa Wasomali, na Waislamu. Basi tunapolaumu siasa ya vita, hatumsafishi muuaji. Twauliza kama siasa hiyo inamzuia au inamlisha.

VITA VILIVYOANZA BILA HESABU

Tarehe 16 Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia kwa jina la Linda Nchi. Sababu tuliyopewa ilikuwa kwamba wageni wametekwa nyara huko Lamu, na wafanyakazi wawili wa misaada kutoka Hispania wametekwa katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Hayo yalikuwa kweli, na nchi ina haki ya kujilinda. Lakini mfanyakazi akitumwa kazi huuliza maneno matatu: kazi yenyewe ni ipi, itakwisha lini, na gharama ni ya nani. Maneno hayo matatu wananchi hawakujibiwa. Tuliambiwa tu kwamba haitachukua muda mrefu.

Mwishoni mwa Septemba 2012 vijana wetu walitua Kismayo, na adui akauacha mji. Watu wengi wakadhani kazi imekwisha. Haikwisha. Kufikia hapo askari wetu walikuwa wamekwisha kuingizwa katika jeshi la Umoja wa Afrika lililoitwa AMISOM. Mwaka 2022 jina likabadilishwa likawa ATMIS, na ikasemwa litaondoka kabla mwaka 2024 haujakwisha. Ulipokwisha, jina likabadilishwa tena: tangu Januari 2025 linaitwa AUSSOM. Na mwaka huo huo wa 2025, mwezi wa Aprili, Al-Shabaab waliingia tena Adan Yabaal, mji ambao Serikali ya Somalia ilikuwa imeutwaa kwa shangwe mwaka 2022. Jina limebadilika mara mbili. Vita ni vile vile.

Na wakati huo nyumbani kumekuwaje? Westgate, Septemba 2013: watu 67. Mpeketoni, Juni 2014: zaidi ya 60. Basi la Mandera na machimbo ya Koromey tumekwisha kueleza. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015: watu 148, karibu wote wanafunzi. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, Mandera tena, 14 wakauawa, wengi wao wachimba mawe. Hoteli ya DusitD2 Nairobi, Januari 2019: watu 21. Kamuthe katika Garissa, Januari 2020: walimu watatu.

Ndugu zetu, tazameni orodha hii ya kazi. Mwalimu. Mchimba mawe. Askari mlinzi. Mhudumu wa hoteli. Dereva na utingo wake. Hakuna waziri.  Wakubwa wana walinzi na magari yasiyopenya risasi. Mfanyakazi ana kitambulisho chake mfukoni tu, na siku nyingine hicho kitambulisho ndicho kinachomwua.

MOTO HUU ULIWASHWA NA NANI?

Wapo wanaosema kwamba Wasomali ni watu wa fujo tangu asili. Maneno hayo tuliyasikia zamani kutoka kwa Mkoloni juu yetu sisi wenyewe. Tuyaache, tutazame mambo yalivyotokea.

Serikali ya Siad Barre ilianguka mwaka 1991. Njaa ikaingia. Desemba 1992 Marekani ikapeleka majeshi, ikasemwa ni kwa ajili ya kulinda chakula. Mwaka mmoja haukupita, majeshi yaliyokuja na magunia ya chakula yakawa yanapigana katika mitaa ya Mogadishu. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 askari 18 wa Kimarekani waliuawa pamoja na mamia ya Wasomali. Baadaye Wamarekani wakaondoka, na Wasomali wakabaki na bunduki.

Mwaka 2006 mahakama za Kiislamu ziliungana zikautwaa mji wa Mogadishu kutoka kwa mabwana wa vita. Mabwana hao wa vita walikuwa wakipewa fedha na Marekani, ati wanapigana na ugaidi. Katika mahakama zile walikuwamo watu wa siasa kali, na walikuwamo pia watu wa wastani, wafanyabiashara na wazee waliotaka tu barabara zifunguliwe. Je, mataifa makubwa yalitafuta njia ya kuzungumza na wale wa wastani na kuwatenga wale wakali? La. Desemba 2006 majeshi ya Ethiopia, kwa baraka na msaada wa Marekani, yaliingia Somalia yakazivunja mahakama zile. Wa wastani wakakimbilia nje. Kundi moja tu lilibaki ndani na bunduki likapata jina la kupigana na mgeni. Kundi hilo ni Al-Shabaab. Ethiopia ilipoondoa majeshi yake Januari 2009, Al-Shabaab walikuwa na nguvu kuliko siku ile Ethiopia ilipoingia.

Sasa sikilizeni jambo la kustaajabisha. Mkuu wa mahakama zile alikuwa Sheikh Sharif Sheikh Ahmed. Alipigwa vita, akakimbia, akavuka mpaka akaingia Kenya mwanzoni mwa 2007. Januari 2009, baada ya mazungumzo ya Djibouti, mtu huyo huyo akafanywa Rais wa Somalia, na mataifa yale yale yakampa mkono. Kama aliweza kukaliwa naye mezani mwaka 2009, kwa nini hakuweza mwaka 2006, kabla ya maelfu ya watu kufa?

Na si yeye peke yake. Mukhtar Robow alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Al-Shabaab. Marekani ilitangaza zawadi ya dola milioni 5 kwa atakayemfichua. Mwaka 2017 zawadi hiyo ikafutwa, naye akajitenga na wenzake akaja upande wa Serikali ya Somalia. Mwaka 2018 Serikali hiyo ikamtia ndani. Agosti 2022 ikamtoa, ikamfanya Waziri wa mambo ya dini. Basi wanaotuambia kwamba hakuna mazungumzo na watu hawa hawasemi kweli. Mazungumzo yapo. Yanafanywa gizani, na wakubwa, kwa saa waipendayo wakubwa. Kinachokatazwa ni wananchi kuyadai mchana.

VITA NA MSHAHARA

Sisi ni chama cha wafanyakazi, kwa hiyo tuingie katika mambo ya fedha.

Kwa miaka mingi posho ya askari wa AMISOM ililipwa na nchi za Ulaya. Hesabu ilikuwa dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi. Fedha hizo hazikwenda moja kwa moja mkononi mwa askari. Zilipitia kwa Serikali yake, na Serikali zilikuwa zikikata kama dola 200 kwa kila kichwa. Mwaka 2016 Ulaya ilipunguza fungu lake kwa sehemu moja katika tano. Hapo Serikali zinazotoa askari zikalalamika kwa sauti kubwa, na nyingine zikatishia kuondoka.

Mwanachama yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya kontrakta anaijua biashara hii. Kuna mwenye kazi, kuna msimamizi anayeleta watu, na kuna kibarua. Msimamizi hukata chake kwa kila kichwa. Mwenye kazi akipunguza fedha, msimamizi hupiga kelele ati kwa ajili ya kibarua. Tofauti ni kwamba hapa kibarua akianguka haanguki kutoka juu ya ngazi tu. Anarudishwa nyumbani ndani ya sanduku.

Tena kuna mambo ya makaa. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku kuuza makaa ya Somalia nje ya nchi, kwa sababu kodi ya makaa ilikuwa chakula cha Al-Shabaab. Baada ya Kismayo kutekwa, wachunguzi wa Umoja huo waliandika mwaka 2013 kwamba makaa yaliendelea kupakiwa melini katika bandari ile iliyokuwa mikononi mwa majeshi yetu na washirika wao wa Ras Kamboni, na kwamba Al-Shabaab nao waliendelea kupata fungu lao. Wakubwa wa jeshi walikana. Basi sisi twasema: kukana si hesabu. Makuli wa bandari ya Mombasa wakishutumiwa kuiba gunia moja, hupekuliwa hadi viatuni. Hapa palisemwa juu ya meli nzima nzima, na hatukuona mbele ya wananchi kesi wala tume iliyotoa jibu.

Na sasa tufike El Adde. Tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, kambi ya askari wetu ilivamiwa na kutwaliwa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema hadharani kwamba askari waliokufa walikuwa kati ya 180 na 200. Serikali yetu wenyewe haikutoa hesabu. Miaka ikapita, haikutoa. Mgeni alituhesabia maiti zetu, mwenye nyumba akanyamaza.

Askari ni mtoto wa nani? Ni mtoto wa mfanyakazi na mkulima. Aliingia jeshini kwa sababu mshahara wa jeshi ni wa hakika kuliko kibarua cha leo na kesho. Kiwandani mtu akikatwa kidole, sheria yadai andiko: jina, saa, mashine, sababu, na fidia. Kambi nzima ikiangamia, twaambiwa kuuliza ni kuvunja moyo majeshi. Kinachovunja moyo ni mama mzee kutojua mpaka leo mwanawe alikufa vipi, na kwa kosa la nani.

SHERIA ZA HATARI HURUDI NYUMBANI

Wazee wa chama watakumbuka habari hizi bila kusomewa, lakini vijana wazisome.

Hali ya Hatari ilitangazwa katika nchi hii tarehe 20 Oktoba 1952. Tuliambiwa ni kwa ajili ya wapiganaji wa msituni tu. Lakini tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzunguka mji wa Nairobi, wakaingia nyumba kwa nyumba. Operesheni hiyo iliitwa Anvil, yaani fuawe. Watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini, Langata, Mackinnon Road na Manyani, kwa sababu ya kabila lao, wala si kwa sababu ya kosa lililothibitishwa. Vyama vya wafanyakazi vya Nairobi vilikatwa miguu siku ile, kwa maana viongozi wa matawi na wakusanyaji wa ada walichukuliwa pamoja na wengine. Makhan Singh alikuwa amekwisha kufungiwa tangu 1950, naye hakuachiliwa mpaka 1961. Mkoloni alijua vizuri kwamba wavu wa vita huvua na samaki wa mgomo.

Aprili 2014, miaka 60 baadaye, katika mji ule ule wa Nairobi, askari waliingia Eastleigh usiku, nyumba kwa nyumba. Maelfu ya watu walikamatwa, wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Walikamatwa kwa sababu ni Wasomali. Wengine ni raia wa Kenya waliozaliwa hapa, wanachama wa vyama, madereva na wachuuzi. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Mpeketoni ikachomwa. Basi Kasarani ilimzuia nani?

Desemba 2014, baada ya Koromey, Bunge lilipitisha sheria mpya za usalama kwa ghasia, wabunge wakirushiana ngumi na kumwagiana maji. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria ile kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Na tarehe 25 Juni 2024, vijana walipokwenda Bungeni kukataa kodi mpya, walipigwa risasi, na siku hiyo hiyo jeshi likaitwa kusaidia polisi mitaani. Siku hiyo hiyo pia, ndugu zetu, polisi wa kwanza wa Kenya walitua Haiti, kwenda kutuliza nchi ya watu wengine kwa gharama ya mataifa mengine. Siku moja kabla ya hapo Marekani ilikuwa imeitangaza rasmi Kenya kuwa mshirika wake mkuu nje ya NATO. Mambo matatu kwa siku mbili. Atakaye kuelewa siasa yetu ya nchi za nje aanze na siku mbili hizo.

WATASEMA HIVI, NASI TUTAJIBU HIVI

Watasema: mbona magaidi walitushambulia hata kabla ya 2011? Ni kweli. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililotegwa kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi liliua watu zaidi ya 200, na Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ilipigwa. Hatukatai. Lakini mabomu yale mawili yalilenga nani? Ubalozi wa Marekani, na hoteli ya watalii wa Israeli. Waliokufa wengi wao ni Wakenya: makarani, wachuuzi, wacheza ngoma waliokuwa wakikaribisha wageni. Hata wakati ule tulikuwa tukifa katika ugomvi wa wengine. Somo la 1998 lilikuwa ni kujihadhari tusifanywe uwanja wa vita vya mataifa makubwa. Sisi tukalisoma kinyume, tukajiingiza ndani.

Watasema: tukitoka, watatufuata. Twajibu: walikuwa Mandera tulipokuwa Kismayo. Walikuwa Garissa tulipokuwa Kismayo. Garissa iliangamia kwa sababu kikosi maalumu cha polisi kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi huku watoto wakiuawa bweni kwa bweni. Haikuwa kwa sababu ya uhaba wa vifaru Somalia. Ulinzi ni polisi aliye karibu, anayelipwa, asiyechukua rushwa kwenye kizuizi cha barabara, na anayeaminiwa na mwenyeji kiasi cha kupashwa habari.

Watasema: hakuna aliyewahi kumaliza uasi kwa maneno. Huyu asome historia ya nchi yake. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikwenda Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikakuta kwamba Wasomali wa huko wanataka kujiunga na Somalia. Waingereza waliandika wakaondoka, wakatuachia moto. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya Uhuru, Hali ya Hatari ikatangazwa upande ule. Tukapigana vita vya Shifta miaka minne. Watu walikusanywa katika vijiji vya ulinzi kama vile Mkoloni alivyotukusanya sisi, na mifugo ikaangamia. Ni nini kilichovimaliza? Oktoba 1967, mjini Arusha, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi, Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Bwana Mohamed Egal, walitia sahihi mapatano. Meza ilifanya katika siku chache kazi iliyoishinda bunduki miaka minne.

Lakini mapatano yale yalikuwa ya wakubwa na wakubwa. Mwananchi wa Wajir na Garissa hakukumbukwa. Hali ya Hatari haikuondolewa kwake mpaka miaka ya 1990. Februari 1984 wanaume wa kabila la Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, wakawekwa juani bila maji, wengi wakauawa. Serikali ilikiri watu 57; walioponea wanahesabu mamia kwa mamia. Mtu aliyemzika babake Wagalla, akapekuliwa Kasarani, akanyimwa kitambulisho na barabara, ukimwendea leo ukamwambia akupashe habari za wageni waliopita usiku, atakutazama tu. Na kimya chake ndicho pango anamojificha adui.

Lakini hata hivyo, ndugu zetu, si wote walionyamaza. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine la kwenda Mandera lilisimamishwa. Wapiganaji wakaamuru Waislamu wajitenge. Abiria Waislamu wakakataa. Akina mama waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike, na wakawaambia wauaji: tuueni sote au tuacheni. Mmoja wao alikuwa mwalimu Salah Farah. Alipigwa risasi, akafariki hospitalini Januari 2016. Mwalimu huyo, Msomali na Mwislamu, aliwalinda Wakenya bila bunduki. Walewale wanaotaka Wasomali wote wapelekwe Kasarani wamjibu Salah Farah.

WALIMU NA SHULE

Mwaka 2015 walimu waliokimbia Mandera, Wajir na Garissa walipiga kambi Nairobi wakidai kuhamishwa. Walijibiwa kwa kitisho cha kupoteza kazi. Vyama vyao viliwatetea, navyo vilifanya vyema, kwa maana hakuna mapatano ya kazi yanayomlazimisha mtu kufundisha hesabu mbele ya mtutu wa bunduki. Baada ya mauaji ya Kamuthe mwaka 2020 walimu wasio wenyeji waliondolewa kwa wingi.

Mwalimu alistahili kuondoka. Lakini tusisahau upande wa pili. Mtoto wa mfugaji naye alistahili mwalimu. Al-Shabaab wanaona furaha kijana wa huko akikua bila shule, bila cheti, bila kazi. Wao wana kazi ya kumpa. Kila shule iliyofungwa kaskazini ni ofisi ya kuandikisha askari wa adui. Fedha za posho na vifaru zilipatikana. Za kuwafundisha walimu wenyeji kwa wingi na kuwalipa malipo ya mazingira magumu zilichelewa miaka hamsini.

MADAI YETU

Kwa hiyo matawi yote yanaombwa kuyajadili madai haya katika mikutano yao, na kuyapeleka kwa Wabunge wao kwa maandishi:

1. Hesabu kamili ya askari wote waliokufa na kuumia Somalia tangu Oktoba 2011, El Adde ikiwa ya kwanza, iwekwe mbele ya Bunge. Na jamaa zao walipwe haki zao bila kuzungushwa ofisini.

2. Hesabu ya fedha zote zilizopokewa kutoka nje kwa ajili ya askari wetu, na makato yote, ikaguliwe hadharani. Askari alipwe posho yake nzima.

3. Wafanyakazi waliouawa au kulemazwa na mashambulio wakiwa kazini, au wakisafiri kwenda na kurudi kazini, wafidiwe kama walioumia kazini, na jamaa zao wasiachiwe harambee.

4. Serikali itaje siku ya mwisho ya jeshi letu kukaa Somalia. Askari waletwe kulinda mpaka wetu, kwa maana ndiyo kazi waliyoapa.

5. Kenya itumie jina lake, kama Zambia ilivyotumia lake mwaka 1967, kuwakutanisha Wasomali wenyewe: Serikali yao, wazee wao, akina mama wao, na wale walioshika bunduki walio tayari kuziweka chini. Wanaoua raia kwa makusudi wahukumiwe mahakamani.

6. Kusiwe tena na msako wa kabila zima, na askari hawa au wale wanaofanya unyama wahukumiwe kama raia wengine.

7. Walimu wenyeji wafundishwe na kuajiriwa, na shule za kaskazini zifunguliwe kwa ulinzi wa kweli.

NENO LA MWISHO

Machi 1955, Hali ya Hatari ikiwa katika ukali wake, makuli wa Mombasa waligoma. Mkoloni alikuwa na askari wa kutosha, meli za vita, na sheria za kila namna. Lakini bunduki haipakui meli. Ilibidi akae mezani, na makuli wakapata nyongeza ya theluthi moja. Watu wale hawakuwa na elimu kubwa. Walijua tu kwamba mwenye nguvu hazungumzi mpaka wanyonge waungane, na kwamba wakiungana, huzungumza.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 wa Mau Mau kwa mateso ya vizuizini, karibu miaka sitini baada ya tendo. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Hatutaki wajane wa El Adde, wa Koromey na wa Wagalla wangoje miaka sitini.

Ndugu mwanachama, ukimaliza kusoma karatasi hii usiitupe. Mpe mwenzako wa zamu ya usiku. Mpe na jirani yako Msomali, mkae, mzungumze. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Lakini nyasi zetu hizi zina kadi ya chama, zina kura, na zina mdomo.

Umoja ni nguvu.